Mbuzi Tuliyemwandika Chini ya Mengineyo

Mliponiaga pale ofisini mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Nimeitundika sebuleni, hapa kwangu Kaaga, na kila kengele ya shule ya jirani ikilia naiangalia kuona kama walimu wanawaibia watoto dakika. Mliniomba pia niwaandikie niliyoyaona kazini, hasa kuhusu ile mbinu ya kusimamia miradi kwa hatua, ambayo ninyi mliikuta ndani ya kompyuta mkadhani ilizaliwa humo. Nimeahirisha sana. Kuandika juu ya mbinu hakunisumbui. Ninajua tu kwamba nikianza nitafika Ishiara, na Ishiara bado inaniuma.

Nilianza kazi Meru mjini, katika ofisi ndogo ya maji, nikiwa karani wa kupiga taipu. Taipureta yenyewe ilikuwa imevunjika herufi ya R, kwa hiyo kila ripoti niliyotoa niliijaza R zote kwa kalamu kabla ya kuipeleka kwa wakubwa. Hakuna aliyelalamika, na nikaanza kushuku kwamba hakuna aliyesoma.

Miradi ya siku hizo ilianza kwa gari. Gari la mkubwa lilisimama mahali, mtu akashuka, akanyoosha kidole, na baada ya siku chache pakawa na shimo. Hivyo ndivyo tulivyojenga vyoo vya soko la Laare katikati kabisa ya mahali ambapo pikapu za wanunuzi wa miraa hugeukia. Ilipofika saa ya miraa kushuka sokoni, hakuna aliyeweza kupita. Wafungaji walivumilia wiki moja, halafu wakayajaza mashimo yetu majani ya migomba yaliyobaki baada ya kufunga miraa. Nilitumwa kwenda kuandika malalamiko ya ofisi. Mama mmoja mfungaji alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na kazi, kisha akasema, "Madam, hata sisi tungewaonyesha place ya kuweka. Lakini hamkuuliza. Mlipoint tu."

Niliandika maneno hayo kwenye ripoti kama yalivyo. Nikajaza R zake kwa kalamu.

Jinsi nilivyohamishiwa Embu na kupanda ngazi nitairuka, haina utamu. Cha maana ni kwamba huko ndiko nilikomkuta Injinia Njue, mtu wa Embu halisi, mrefu, mzee wa kanisa, aliyevaa sweta hata jua likiwa kali. Alikuwa amepelekwa mafunzo akarudi na kitabu kinene cha mbinu. Wengine walirudi kutoka mafunzo na mabegi mapya. Njue alifunga mlango akakisoma kile kitabu, halafu akachukua kipande cha siling bodi kilichobaki kwenye ujenzi, akakipaka rangi nyeupe na kukipigilia ukutani. Juu yake alianza kubandika kadi. Kila kazi na kadi yake, kila kadi na jina la mtu mmoja. Akikuta kadi yenye majina mawili, aliichana mbele yenu.

"Majina mawili," alisema, "ni kazi ya hakuna mtu."

Msingi wa mbinu yake ulikuwa viti vitatu. Kimoja cha anayelipa, kimoja cha anayejenga, na kimoja cha atakayetumia. Hao ndio bodi ya mradi. Kila hatua ikiisha wanakaa, wanaangalia kilichofanyika, na wanajibu swali moja: tunaendelea au tunasimama? Na kama kiti kimoja ni kitupu, mkutano haufunguliwi, hata kama wengine wamesafiri kutoka Nairobi. Nilimwona Njue akiwarudisha wageni wa suti kwa sababu mama wa kikundi cha maji alikuwa amempeleka mtoto hospitali. Waliondoka wamenuna. Yeye alikwenda kunywa chai.

Nilikuwa karani wake wa vikao, baadaye akanipa miradi yangu mwenyewe. Nilikosea mara nyingi na alinisahihisha bila kelele, isipokuwa jambo moja lililompandisha hasira: kuona aibu kusimamisha. Alisema watu wetu wanaweza kuanza chochote. Wakishaomba na pasta, wakishapiga picha na wakishakula, hakuna mwenye ujasiri wa kusema jambo hili limekwenda vibaya, turudi. Nilimpenda sana mzee huyo. Naandika hivyo sasa kwa sababu nitakayoyasema mbele yanaweza kuwafanya mumwone vingine.

Tulirudi Laare na mbinu. Kiti cha mtumiaji tulimpa yule mama mfungaji, akatuonyesha mahali nyuma ya soko ambapo hata sisi tukiwa na macho tungepaona. Vyoo vile bado vipo. Nikapata kiburi. Nikadhani tumepata ufunguo wa kila mlango kuanzia Nyambene mpaka Mbeere.

Ndipo ukaja mradi wa Ishiara.

Ishiara iko Mbeere, na kule maji ni safari, hilo halihitaji maelezo. Kikundi cha wanawake kilikuwa kimeomba kisima cha kuchimbwa kwa mashine, na mfadhili akapatikana. Kilichokosekana ni ardhi, kwa maana pale ambapo wapimaji walionyesha pana maji palikuwa shamba la mtu. Mwenye shamba alikuwa mwenyekiti wa kikundi mwenyewe, mjane aliyeitwa Ciarunji, ingawa sote tulimwita Mama Ireri kwa jina la mwanawe mkubwa. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na alikuwa na tabia ya kumaliza sentensi za watu kabla wao hawajazimaliza. Alitoa kipande hicho bila malipo. Kilikuwa katikati ya shamba, sehemu nzuri, na Ireri alikuwa ameshapanga kupanda muguka, jamaa wa miraa, pale pote.

Ireri hakufurahi. Alikuwa kijana mwenye familia changa, na muguka ndio unaolisha watu kule. Alimwambia mamake mbele yetu, "Mami, ukipeana hapo, sisi tutakula hiyo tanki?"

"Utakunywa," akajibu mama. "Na mke wako atawacha kuamka na punda."

Kabla mashine hazijaletwa, Mama Ireri alituomba tufike nyumbani siku moja, Njue na mimi, mwakilishi wa mfadhili na mkandarasi, pamoja na wazee wa ukoo wake. Akachinja mbuzi. Kwa ukoo ule, ardhi haitoki kwa maneno. Anayeomba na anayetoa wanakula mbuzi pamoja juu ya ardhi hiyo, na nyama ikishaliwa, ardhi imeondoka katika boma lile. Mzee mmoja alieleza hayo kwa Kimbeere, Njue akatafsiri kwa kifupi sana kwa ajili ya mwakilishi wa mfadhili: "Anasema karibuni chakula." Nilielewa kidogo zaidi ya hapo, kwa kuwa mimi ni Mmeru na kwetu pia mbuzi si nyama tu. Lakini nilikuwa na kadi za kubandika. Nilikula, nikashukuru, nikarudi Embu, na kwenye ubao nikasogeza kadi ya "Ardhi" upande wa yaliyokamilika.

Mashine zilichimba. Siku maji yalipotoka, wanawake walipiga vigelegele mpaka watoto wa shule wakaja mbio. Mama Ireri alikinga kwa viganja akanywa kwanza. Nilikuwa karibu naye. Niliona uso wake ukibadilika kidogo, halafu akatabasamu na kuwakaribisha wengine. Nami nikaonja. Yalikuwa na chumvi, na nyuma ya chumvi kulikuwa na uchungu mwingine nisioujua. Tulipeleka sampuli maabara. Majibu yakasema maji yale yangeharibu meno na mifupa ya watoto, na mtambo wa kuyasafisha ulikuwa mbali sana na uwezo wa mfadhili.

Bodi ikakaa Embu. Viti vitatu vimejaa. Yule wa mfadhili alitaka tuendelee, tujenge tanki na mabomba, tuandike kwamba maji ni ya mifugo, picha zipigwe. Mkandarasi naye alitaka kuendelea, mnajua kwa nini. Njue aliweka karatasi ya maabara mezani na kumgeukia aliyekaa kiti cha mtumiaji.

"Mama Ireri, wewe unasemaje? Tunaendelea ama tunasimama?"

Alinyamaza. Hiyo pekee ilikuwa ajabu. Kisha akasema, "Hayo maji nimeonja mimi wa kwanza. Mtoto hawezi pewa hayo. Simamisheni."

Nataka mwelewe ukubwa wa hilo. Mwanamke aliyegombana na mwanawe kwa ajili ya kisima, aliyekuwa na haja ya maji kuliko sisi sote mle chumbani, ndiye aliyesema kisimamishwe. Njue aliinamisha kichwa kwa heshima. Ulikuwa uamuzi sahihi, bado ni sahihi leo, na sijawahi kutamani tungeamua vingine.

Tukaanza kufunga mradi, na mbinu ile ina uhodari mkubwa wa kufunga. Kulikuwa na kadi ya mashine kuondoka, kadi ya mabomba kurudi stoo, kadi ya kisima kuzibwa kwa kifuniko cha chuma, kadi ya simiti iliyobaki, kadi ya barua ya kumrudishia Mama Ireri ardhi yake kisheria. Nilizisoma zote kwa sauti, moja moja, kila moja na mwenyewe. Nilipomaliza, Mama Ireri akauliza, "Na mbuzi?"

Mwakilishi wa mfadhili akacheka. Alidhani mama anataka karamu ya kuagana. Mkandarasi akacheka kwa sababu mwenye pesa amecheka. Mimi nilimwangalia Njue. Yeye hakucheka. Aliangalia meza, akavuta mikono ya sweta yake, akaniambia, "Andika chini ya mengineyo."

Nikaandika. Mengineyo, kama mnavyojua, huwa mwisho wa kikao. Soda zililetwa, mgeni akasema ana safari, na kikao kikafungwa kwa maombi. Hatukuyafikia.

Mama Ireri alikuja ofisini baada ya miezi kadhaa. Alikaa kwenye benchi la wageni na mkoba mapajani. Nikamkaribisha chai, nikamwambia ile barua imeshatoka, ardhi ni yake, anaweza kulima.

"Barua nimepata," akasema. "Ireri amenisomea. Lakini mwari, barua haijakula."

Mwari ni binti, kwa lugha yao. Akanieleza polepole, bila lawama, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ardhi ilitoka kwa mbuzi, hurudi kwa mbuzi. Walioomba wanaleta, aliyetoa anapokea, wanakula tena pale pale, na ardhi inaingia nyumbani. Mpaka hapo si yake, na si yetu. Ireri amekasirika, hawezi kuigusa, wazee hawawezi kumruhusu, na kila akipita pale anamwangalia mamake. Alisema hilo la mwisho akitazama dirishani.

"Sio mbuzi mkubwa," akaongeza. "Hata kadogo."

Nilikwenda kwa Njue. Alikuwa anajua kila kitu, kuliko mimi. Akasema, "Nkatha, hiyo requisition ya pesa nitaandika aje? Mbuzi mmoja wa kufunga kisima? Hao watu wa Nairobi watasema sisi tunachinjia mabomba." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Na mimi ni mzee wa kanisa."

Basi ikawa hivyo. Mtu aliyewarudisha wageni wa suti kwa ajili ya kiti kitupu aliona haya mbele yao kwa ajili ya mbuzi. Alitaka mbinu iwe safi, isiwe na harufu ya kwetu, ili wasiseme tumeichafua. Nilimwelewa, na hilo ndilo linalonikera, kwa maana nami nilikuwa na haya hiyo hiyo. Nilimwambia Mama Ireri tunalishughulikia. Alikuja tena mara nyingine, nikamwambia tena. Miradi mingine ikaja, kadi mpya zikajaa ubao, na baadaye ubao wenyewe ukang'olewa mlipoletewa kompyuta. Njue akastaafu akarudi kwenye kahawa yake kule juu. Mama Ireri akaacha kuja.

Nilipostaafu, jambo la kwanza nililofanya ni kumtembelea Njue. Magoti yamemshinda, anatembea kwa fimbo, sweta ni ile ile au ndugu yake. Tulikunywa chai bila kutaja kazi mpaka vikombe vikaisha. Ndipo akasema mwenyewe, "Ule mbuzi."

"Ndio, Injinia."

"Nilifunga miradi mingi sana. Hiyo moja haikufungwa." Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujaribu kuyaficha. "Enda wewe. Mimi siwezi fika. Mwambie ni mimi nilikataa, sio wewe. Nunua mzuri."

Nikanunua mzuri. Nikamkodishia mbuzi pikapu, mimi mbele na yeye nyuma, tukateremka mpaka Ishiara kwenye joto. Sikupiga simu kwanza. Nilikuwa na woga kwamba nikipiga nitaambiwa nisije.

Muguka umejaa shamba lote, umepandwa kwa mistari mizuri, na katikati kuna kipande kisicho na kitu ila nyasi na kile kifuniko chetu cha chuma chenye kutu. Mistari inafika pale na kukatika, inaanza tena upande wa pili. Ireri alitoka nyumbani. Amekuwa mtu mzima mwenye mvi. Alinitambua, akamtambua na mbuzi, nadhani, kabla yangu.

"Madam, mumechelewa," akasema. "Mami tulizika mwaka jana."

Nililia pale pale mbele ya mlango wake, mama mzima nimeshika kamba ya mbuzi. Ireri aliichukua kamba hiyo taratibu akaifunga kwenye nguzo ya ua. Kisha akaingia ndani akatoa viti vitatu vya mbao, akavipanga kivulini, kandokando ya kile kipande. Nilimuuliza vya nini.

"Ni vyenu. Mami alitengenezesha kwa fundi. Alisema ile mkutano yenu haikuisha, mliishia katikati, kwa hiyo mtakuja tu kumaliza. Hata akiwa mgonjwa alikuwa anatuambia tusikalie. Alisema yeye bado ni bodi."

Tulikaa. Mimi nilichukua kimoja, kwa niaba ya ofisi ambayo haijui kuwa nilikwenda. Ireri alikaa kingine. Cha tatu, cha mamake, kilichokuwa kimefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, hakuna aliyekigusa. Nilimpa ujumbe wa Njue. Nikamwambia nimeleta mbuzi, tule, ardhi irudi, apande muguka wake.

Ireri alimtazama mbuzi pale nguzoni. Hasira ya ujana wake imekwisha, na nadhani ningefurahi zaidi kama ingekuwepo.

"Nimewauliza wazee hiyo maneno zamani," akasema. "Mwenye alitoa ndiye anapokea. Mwenye alitoa hayuko. Sasa mimi nikikula, ninapokea kama nani?"

Kitabu kinene cha Njue hakina jibu la hilo. Nilikiangalia kile kiti chenye kitambaa. Nikakumbuka ile sheria, kwamba kiti kimoja kikiwa kitupu mkutano haufunguliwi, hata mtu akiwa amesafiri kutoka wapi. Nikasimama, nikamshika Ireri mkono, nikaaga.

Ninyi vijana mna mbinu bora kuliko yetu, na mnaitumia vizuri, nimewaona. Endeleeni kuwa na ujasiri wa kusimamisha. Ila mkifunga mradi, muulizeni aliyekaa kiti cha mtumiaji ni nini alichokitoa ambacho barua haiwezi kurudisha, na jibu lake lipeni kadi, na jina la mtu mmoja, mkiwa bado mko wote chumbani. Kama mhasibu atakataa, changeni. Mshahara wangu wa wakati ule ungetosha.

Mbuzi nilirudi naye, Ireri hakukubali nimwache. Yuko nyuma ya nyumba hapa Kaaga, amekula ua wa jirani na sasa ananyemelea sukuma wiki yangu. Kumchinja siwezi, kumuuza siwezi. Njue hupiga simu kila Jumapili baada ya kanisa kuuliza hali yake, na wageni wakiniuliza mbuzi huyu ni wa nini, nawaambia ni wa mengineyo.